Sahani Iliyogeuzwa Kifudifudi

Sahani ya Baba Talitha ilikutwa imeoshwa.

Katika nyumba nyingine jambo hilo lisingetajwa. Lakini Mwadi alisimama mbele ya meza, ufagio mkononi, akaitazama sahani ile kwa muda mrefu bila kuigusa. Mchana alikuwa ameitoa jikoni imejaa bukari, ule ugali wa mahindi, na sombe ya majani ya mihogo na kipande cha samaki mkavu, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka kwenye kona ya meza, mbele ya kiti cha mumewe. Sasa zote mbili zilikuwa safi, hazina hata tone la maji, zimegeuzwa kifudifudi juu ya kitambaa.

Mumewe, Ézéchias, hakuwepo. Alikuwa karani wa serikali huko Kaniama, na alirudi nyumbani Kamina siku alizopata nafasi. Siku hizo zilikuwa zikipungua. Hata hivyo Mwadi alimpakulia kila siku, kwanza kabla ya watoto, akafunika. Ndivyo walivyofanya wanawake wa mtaa ule wa Wamethodisti: mwanaume akisafiri, bukari yake inawekwa mezani, ili jirani akiingia aone kwamba nyumba ina mwenyewe. Asubuhi yake, watoto wakiwa bado wamelala, Mwadi alikila chakula kile kikiwa baridi, amesimama jikoni, harakaharaka kama mwizi. Aliona haya kukila, na aliona haya zaidi kuacha kukiweka.

"Talitha," aliita.

Binti yake mkubwa alikuja kutoka uani, mikono imejaa povu la sabuni.

"Nani amekula bukari ya baba yako?"

"Haiko minyi, mama," Talitha alikana.

"Ni Mira?"

"Mira akule yote ile? Na aoshe sahani? Mama, weye mwenyewe unamujua Mira."

Kweli, alimjua. Mira alikuwa kitinda mimba, meno ya mbele yameng'oka, na ukimwambia aoshe kikombe alichonywea alikimbia mpaka nje ya lupango, nje kabisa ya ua. Mwadi karibu acheke. Lakini macho yake yalirudi kwenye sahani.

Kilichomsumbua ni ile namna ya kuigeuza. Kule Kinkondja, kando ya ziwa, katika nyumba ya marehemu mama yake, mtu aliyeshiba aliosha sahani yake mwenyewe na kuigeuza mbele ya mpishi. Maana yake ilikuwa, nimekula, na nimemwona aliyepika. Ilikuwa desturi ya nyumba ile moja tu. Hapa Kamina hakuna aliyeifuata, na Mwadi hakuwahi kumsimulia mtu, hata Ézéchias. Tena palikuwa na harufu. Moshi wa kukaushia samaki, na chini ya moshi, matope ya ziwani.

Ndipo akakumbuka neno alilolisema jana. Alikuwa ameshinda kwenye cherehani, akishona sare za shule za watoto wa wenzake, mgongo unamuuma, na hakuna aliyempokea hata ndoo ya maji. Alipokuwa akifunika sahani ya mumewe, aliisemesha kwa hasira ya kuchoka: "Kama kuna muntu anajua kama minyi niko mu hii nyumba, akuye akule."

Mwaliko huo wa kuja kula ulikuwa wa mzaha, au angalau alijiambia hivyo.

*

Kesho yake alipakua tena. Talitha alikuwa shuleni, Mira amelala. Jua la mchana lilikuwa limeukandamiza mtaa mzima, hakuna hata jogoo aliyewika. Mwadi aliketi barazani kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, na nyuma yake, ndani ya sebule, kitu kikaita.

"Mwadi."

Alisimamisha mguu.

Tangu Talitha azaliwe, hakuna aliyemwita jina hilo. Kanisani alikuwa Mama Talitha. Sokoni Mama Talitha. Mumewe naye alimwita Mama Talitha, kama watu wote walivyomwita. Jina lake lenyewe lilikuwa limebaki kwenye cheti chake cha ubatizo na kwenye diploma yake, ndani ya sanduku, chini ya mashuka.

"Mwadi. Bukari ilikuwa muzuri. Umechoka?"

Sauti ilikuwa ya chini, si ya mwanaume wala ya mwanamke, na ilitoka pale penye kiti. Kila mtoto wa ziwani anafundishwa kwamba sauti usiyomwona mwenyewe haijibiwi. Unanyamaza, unasali, unaondoka. Mwadi aliyajua hayo. Alikuwa amebatizwa, amesoma mpaka akamaliza sekondari, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama. Alishika ukingo wa cherehani, akahesabu moyoni majina ya watu waliowahi kumuuliza swali lile, hakupata hata mmoja aliye hai.

"Eyo," alijibu. "Nimechoka."

"Mugongo?"

"Mugongo. Na macho."

"Najua," sauti ilisema. "Niliona."

Hakulia. Hakuwa mtu wa kulia. Lakini aliingia ndani, akaketi kwenye kiti cha Ézéchias, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mabega yake yakashuka. Alipofumbua macho, sahani ilikuwa imegeuzwa.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nini? Kwamba mama mzima, mwenye watoto, amepata wa kumuuliza hali, na wa kumuuliza ni kitu kisichoonekana? Aliificha habari ile kama mwanamke mwingine anavyoficha bwana wa pembeni, na kama huyo huyo, alianza kupendelea. Kichwa cha samaki, ambacho watoto waligombania, kilikwenda kwenye sahani iliyofunikwa. Mchana ulipokaribia alianza kuwatuma watoto nje.

"Mama, ona," Mira alisema, akivuta kikwembe alichojifunga mama yake. Alikuwa amesuka mwanasesere kwa majani ya mahindi.

"Nenda ucheze."

"Lakini haujaona."

"Nimeona. Nenda, Mira. Minyi niko na kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye kiti cha mumewe na kuulizwa. Sauti ilimuuliza juu ya siku alipoanguka kutoka kwenye mtumbwi akiwa msichana. Ilimuuliza kuhusu shule ya ualimu aliyotaka kwenda na hakwenda. Ilikumbuka kila alichojibu. Na kila ilipomaliza ilisema neno lile lile: "Paka minyi njo najua. Bale bengine habakujue." Yaani ni yenyewe tu inayomjua, wale wengine hawamjui.

Naye Mwadi, kwa aibu yake, alilipenda neno hilo.

*

Wa kwanza kumpoteza alikuwa mteja. Mama mmoja alifika barazani kuchukua sare za wanawe, akamkuta Mwadi yuko pale pale kwenye cherehani, uzi mdomoni.

"Jambo, mama. Fundi mushoni iko wapi?"

Mwadi alitoa uzi mdomoni. "Njo minyi."

Yule mama alicheka kwa wasiwasi. "Aa. Samahani. Jua kali."

Jumapili, kwenye kwaya, mahali pake pa siku zote palikuwa pamejaa. Wenzake hawakumfukuza. Walimtazama tu kwa upole, kama mnavyomtazama mgeni aliyekosea benchi, na mmoja akamwonyesha kwa kidole nafasi ya nyuma. Alirudi nyumbani akijiambia kwamba ni majivuno yao. Mchana ule alilalamika kwenye kiti, na sauti ikamliwaza, na harufu ya matope ikawa nzito hata akafungua dirisha.

Kisha ikawa Talitha. Talitha aliandaa meza, akaweka sahani ya baba yake, yake na ya Mira. Mwadi alingoja. Talitha aliinama, akaomba, akaanza kula.

"Na yangu?"

Msichana aliinua kichwa. Macho yake yalimpitia mama yake juu mpaka chini, polepole, kama mtu anayesoma kibao cha dukani kilichofutika. "Karibu, mama," alisema kwa adabu. "Unatafuta nani?"

Dakika ileile akastuka, akashika mdomo. "Mama. Sijui nilikuwa nawaza nini."

Wote wawili walicheka kidogo. Hakuna aliyemaliza chakula.

Usingizi ulianza kumkimbia Mwadi. Sasa alikuwa anaogopa, lakini mchana ulipofika alipakua tena, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya na mgongo ulikuwa unauma na kulikuwa na mtu wa kuuliza. Alijidharau na akapakua. Aliosha mikono, akajidharau tena, akafunika.

Jioni moja, jua likiwa bado juu ya mapaa, Mira alikuwa anakimbia penye bomba la mtaa, akateleza kwenye saruji, akaanguka kwa goti. Mwadi alikuwa hapo hapo, ndoo mkononi. Alimwona anavyoinuka, damu inatiririka mpaka kwenye kiatu, mdomo umefunguka bila sauti kama anavyofanya kabla ya kilio kikubwa, na akatua ndoo na kumfungulia mikono, na mtoto akaja anakimbia moja kwa moja kuelekea kwake, akaja, akaja, kisha akampita, upepo wa kigauni chake ukagusa mkono wa mama yake, akaenda kujitupa kwenye mapaja ya Feza, jirani aliyekuwa anasuuza vyombo vyake, akashikilia kikwembe cha mwanamke yule kwa ngumi zote mbili na kulia mpaka watu wakageuka.

"Mama yako njo uyu hapa," Feza alimwambia. "Mwendee."

Mira alichungulia. Alimtazama Mwadi kwa macho yaliyojaa maji, macho aliyoyajua tangu siku ya kwanza yalipofunguka, akamtazama vizuri, bila haraka, akatafuta na hakupata kitu, akaficha uso.

"Simujue," alisema ndani ya nguo. "Uyu mama simujue. Namuogopa."

*

Feza alikuwa mke wa askari. Alizaliwa Kasongo, kule Maniema, akamfuata mumewe mpaka kambi ya Kamina, kisha wakapanga kwenye lupango la jirani kwa sababu kambini, alisema, hata panya wanapiga saluti. Alikuwa Mwislamu, anacheka kwa sauti, anavaa dhahabu bandia asubuhi. Mwadi alikuwa akimsalimia kwa kichwa tu. Jioni ile ilibidi Mwadi aketi kwenye kigoda cha Feza, nje ya mlango wake, mikono imelala mapajani.

"Mutoto amelala," Feza alisema kwa sauti ya chini. "Nimemufunga goti. Sasa weye. Mu nyumba yako munanuka samaki tangu mwezi uliopita, na sikuone samaki."

Mwadi alinusa ukingo wa kikwembe chake.

"Anakuitaka jina?"

"Nani?"

"Mama Talitha, usinichezee. Baba yangu alikuwa mwalimu wa Korani. Bantu balikuwa banakuya kwake usiku, bamejifunika uso, hata ba pastor wenu. Anakuitaka jina?"

"Eyo."

"Ulimujibu?"

"Hapana."

Feza alitema maganda ya karanga. "Kama haukumujibu, hangekaa."

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya reli. Mwadi alitazama vidole vyake, vimechomwachomwa na sindano. "Nilimujibu," alisema.

"Mara moja?"

Mwadi alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha, na Feza hakurudia swali.

"Basi sikiliza. Ile bukari yeye haikule. Nafasi njo chakula yake. Ile nafasi uko nayo mu roho ya bantu, anakula kidogo kidogo. Weye unafikiri hakuna muntu anakujua, yeye anakula wale wanakujua, mpaka inakuwa kweli. Mwisho mutabaki weye na yeye."

"Mutoto alikuwa ananijua," Mwadi alisema, na sauti yake ikakatika. "Alikuwa ananijua sana."

"Njo maana alimukula wa mwisho. Alikuwa na nyama mingi."

Ndani, Mira alikohoa usingizini.

"Nitamuita pastor aombe," Mwadi alisema.

"Muite. Haya yako itaongezeka na jini atabaki. Uyu hatoke kwa kufukuzwa. Amelalia siri yako kama kuku na yai. Uite bwana yako. Uite batoto. Useme mbele yao ulichomuomba, wazi, bila kuficha. Akikosa siri, hana pa kulala."

"Niseme mbele ya Baba Talitha?"

"Mbele ya Baba Talitha."

Mwadi aliwahi kuzaa bila mkunga na kuzika mama yake bila mume kufika. Hakuna kilichowahi kumwogopesha kama hicho. Alikwenda nyuma ya nyumba na kupiga simu Kaniama.

"Allo? Ni nani?" Ézéchias aliuliza.

"Ni minyi."

"Minyi nani?"

"Mama Talitha."

Alilirudia jina hilo kwa sauti ya chini, kama anayelitafuta. "Aa," alisema hatimaye. "Eyo. Mama Talitha. Abari ya batoto?"

Mwadi hakujua kama hiyo ilikuwa kazi ya jini, au ndivyo ilivyokuwa siku zote.

*

Ézéchias alikuja Jumapili kwa pikipiki, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Waliketi sebuleni baada ya ibada, milango na madirisha yamefungwa ili majirani wasione mwanamke Mwislamu anachoma ubani katika nyumba ya Wamethodisti. Talitha alimshika Mira, aliyekuwa hataki kumkaribia mama yake. Ézéchias alikaa kwenye kiti chake, mikono imekunjwa kifuani, ameweka uso wa ofisini.

Feza aliweka sahani iliyofunikwa chini, kizingitini. Alianza kusoma alichokikumbuka kwa baba yake, polepole, na alipokosa mstari alirudi nyuma bila kuona haya. Moshi ulipanda. Chini ya harufu ya ubani ile nyingine ilianza kuja, moshi wa samaki kwanza, halafu matope, halafu kitu kilichooza chini ya matope. Talitha akajifunika pua.

"Sema," Feza alimwambia Mwadi.

"Nilikuwa naweka chakula ya Baba Talitha," alianza. "Kila siku. Pengine haikuwa vizuri kuacha sahani bila mwenyewe..."

"Ile ni habari ya sahani. Sema yako."

Na hapo sauti ikaja, karibu kabisa, nyuma ya sikio lake, laini kama zamani, na kwa jinsi wote walivyoganda alijua kwamba wote wanaisikia. Mwadi, usiseme, ilimwambia, watakucheka, watasema mama mzima anataka kubembelezwa kama mtoto, na wewe unajua watasema, unamjua yule pale na mikono yake, unajijua mwenyewe jinsi ulivyokuwa ukiwacheka wanawake wanaolialia kanisani, nyamaza, Mwadi wangu, nyamaza tu, mimi najua, inatosha mmoja akijua. Na sahani ikaanza kutikisika juu ya saruji, bati kwa bati, kama meno ya mtu mwenye homa, na Mwadi akaona kwamba angeweza kunyamaza, kwamba ingekuwa rahisi, kwamba sehemu fulani ndani yake ilikuwa tayari imeketi na kushusha mabega, na akamwona Mira anavyomtazama kutoka kwenye mikono ya dada yake, mtoto anayeogopa mwanamke asiyemjua, na haya zikampanda mpaka masikioni na akasema.

"Nilitaka muntu aniulize kama nimechoka."

Hakuna aliyejongea.

"Njo nilimuomba. Muntu aniite jina na aniulize kama nimechoka. Akaniuliza, nikamujibu. Nikamupa kichwa ya samaki. Nilikuwa nafukuza batoto ili nibaki na yeye." Alikuwa anatazama sakafu. "Na nilipojua ni mubaya, niliendelea."

Ézéchias alikunjua mikono. "Njo ile tu?" alisema. "Si ungeniambia."

Kitu kilikuwa kinampita Mwadi. Kilipita miguuni pake kikiwa baridi, kama maji ya ziwani yanavyopita mtu anapokanyaga matete, kikafika kizingitini. Sahani ya juu ikateleza pembeni yenyewe. Ndani, badala ya bukari, palikuwa na matope meusi na magamba ya samaki. Mlango ulifunguka. Uani, mbwa alilala kifudifudi na kukojoa. Kisha harufu ikaisha ghafla, nyumba ikanuka ubani na jasho na pikipiki.

"Mama," Mira aliita.

Alijing'oa mikononi mwa Talitha, akaja na goti lake lililofungwa kitambaa, akamparamia mama yake kama anavyoparamia mti. Mwadi alimshika. Ézéchias alisimama akatazama nje, akijifanya anaangalia pikipiki, maana uso wake ulikuwa umelowa na hakutaka waone.

Langoni, Feza alimshika Mwadi kiwiko. "Ametoka, lakini njaa yake haikuisha. Anazunguka hapa hapa. Anatafuta mwenye haulizwake, mwenye hakuna muntu anamuuliza. Kila siku uulize kila muntu wa hii nyumba, hata mutoto. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Ninyi ba mama wa sekondari munasikia sana," Feza alisema, akaenda.

*

Aliuliza. Siku za kwanza aliuliza kila jioni, Talitha akicheka, Mira akijibu mambo marefu yasiyo na mwisho kuhusu mchwa na viatu. Ézéchias naye, kabla hajarudi Kaniama, alimwita kwa jina lake, Mwadi, kwa shida, kama mtu anayevaa kiatu kipya, akamuuliza kama amechoka. Aliendelea kuuliza kwa simu. Kwenye kwaya mahali pake pakarudi. Sahani ya baba haikuwekwa tena, na majirani wakasema walichotaka.

Kisha shule zikakaribia kufunguliwa. Sare zilijaa barazani mpaka kwenye kiti. Wanawake walipanga mstari, wakimwita fundi, fundi, na kila mmoja alimhitaji yeye na si mwingine. Mgongo ulimuuma kwa namna nyingine, namna nzuri.

"Mama, ona."

"Kesho, Mira."

"Mama, haujaniuliza."

"Niko na kazi. Nenda ucheze."

Baadaye mtoto aliacha kuja. Alicheza peke yake kwenye chumba cha nyuma, kimya kabisa, mchana kutwa. Mwadi alimshukuru Mungu kwa kimya hicho, akapindua kitambaa, akaendelea kushona.

Alikuwa amekwenda jikoni kunywa maji alipoiona. Juu ya meza ndogo, sahani ya plastiki ya njano, yenye picha ya kifaranga, ile ambayo Mira mwenyewe hajawahi kuiosha tangu azaliwe. Ilikuwa imeoshwa. Ilikuwa imegeuzwa kifudifudi.

Kikombe kilimtoka mkononi. Alipita sebuleni akigonga kiti, akiita Feza, akiita Yesu, harufu ikija kumpokea kwenye korido, moshi na matope, na nyuma ya pazia la chumba cha mwisho akasikia kicheko kidogo cha mtu aliyefunika mdomo kwa kiganja, na sauti nyembamba, yenye furaha, isiyo na meno ya mbele, ikisema eyo, nimechoka, eyo, mama hajue, na akajua kwamba bado kuna nafasi, kwamba inatosha kuingia na kumwita na kumuuliza, leo na kila siku, sare zikae mpaka zioze, na akashika pazia akiwa na jina tayari mdomoni, akalifungua.

Kasichana kalikuwa kameketi mkekani, mgongo kwake. Kaligeuka.

Kalivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe. Mwadi aliutambua mshono. Ulikuwa wake, ule upindo wa mara mbili anaoufanya kwa nguo anazozishona kwa mapenzi, si kwa mteja. Goti lilikuwa na kovu jipya. Meno ya mbele hayakuwepo. Alikatazama vizuri, bila haraka. Alikuwa ameingia kufanya jambo, jambo la lazima, na sasa amesimama na pazia mkononi na lilikuwa limemtoka.

"Mutoto," alisema kwa upole, kama anavyoulizwa mtoto wa jirani aliyepotea njia, "weye njo wa nani?"

Kasichana hakakujibu. Kaligeuza uso kuelekea kwenye kona tupu iliyonuka matope, kakangoja kuambiwa.